Ule Ufa Uliuziba Wewe

Nachingwea, Jumamosi, saa nane mchana

Somoe mwanangu,

Salamu nitakupa kesho asubuhi ukiwa na begi mkononi, kwa hiyo hapa siziandiki. Umeenda Nkowe kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu, hatakuachia mpaka umekula mara mbili na kufungashiwa karanga. Nina kama saa tatu. Nimekaa barazani na daftari lako la kidato cha nne. Nimechana kurasa za katikati, uniwie radhi, ndizo nilizozikuta nyeupe.

Habari za kula, kuswali, kufua na kuchagua marafiki mama yako amekwambia wiki nzima, na mengine aliyarudia ukiwa umeshalala, nilimsikia. Mimi siongezi. Huko Mtwara kwenye chuo cha uuguzi wapo walimu watakaokuambia ushike nini na usishike nini. Ninachotaka kusema ni habari ya kile kioo cha mbele cha pikapu. Kuna kitu chako nilikichukua mbele ya watu pale stendi ya Ruangwa, ukiwepo unanisikia, na sitaki upande basi kabla sijakurudishia.

Nianze na jiwe. Nyumba nzima inajua kwamba ni bodaboda aliyelirusha. Nilisema hivyo mimi, na nikamtukana huyo bodaboda mpaka mama yako akaniambia inatosha. Hakukuwa na bodaboda. Nilikuwa natoka Ruangwa, mbele yangu lori limejaa magunia ya ufuta, vumbi tupu, na mimi nikataka kulipita. Unanijua, sipendi kula vumbi la mtu. Nikalisogelea mpaka nikawa naona maandishi ya kwenye tairi. Mama yako kanieleza miaka na miaka, acha nafasi, na mimi namjibu yeye ni abiria, akae kiabiria. Basi likanijibu jiwe. Lilipiga kioo tah, mara moja tu, nikaona alama ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, imetoa miguu miwili, mmoja mfupi, mwingine unaelekea kwenye waipa.

Halafu ukaja ule utomvu. Nilikwambia kuna fundi wa stendi alinipakia. Wewe uliuliza fundi gani, nikasema humjui. Kweli humjui, maana hayupo. Nilipaka mwenyewe, Somoe. Sisi tulipokuwa shule ya msingi gundi ilikuwa ile inayotoka kwenye gamba la mkorosho. Tunaibandua, tunailoweka, tunagundishia madaftari, na nyingine tunatafuna tu kwa ujinga. Nikajiambia, kama iliweza kushika daftari miaka mitatu, itashindwaje na katundu kama haka. Nikaenda shambani, nikachagua donge zuri, linang'aa, nikaliyeyusha kwenye kikopo, nikajaza ufa kwa kijiti. Nilirudi nyuma hatua mbili nikajisifu. Kwa nusu siku kioo kilikuwa kizuri.

Jua lilipopanda, ule utomvu ukaumuka na kugeuka rangi ya chai. Na ulikuwa wakati wa kupulizia mikorosho, jirani kawasha mashine yake tangu alfajiri, salfa, ile dawa ya unga ya njano, ikaelea hewani ikaja kunata palepale penye utomvu. Nikawa natembea na donge la njano kwenye kioo changu. Abiria mmoja wa Matambarale aliniuliza kwa heshima kabisa kama ni kunguru aliyenichafulia. Nilimjibu vibaya yule mama, na mpaka leo nikimwona natafuta pa kutazama.

Wewe ndiye uliyegundua kwamba ule mguu mrefu unatembea. Ulichukua wanja wa mama yako ukachora kamstari kwa ndani ya kioo, pale ufa ulipoishia, ukasema tuangalie. Mimi nikacheka. Jioni ya pili ufa ulikuwa umeshaupita mstari. Hapo sikucheka, maana pikapu ile ndiyo inayobeba kila kitu cha nyumba hii, na askari wa barabarani alishaniambia kwamba akikikuta tena kioo kile vilevile, gari analilaza kituoni. Kioo kipya ni mpaka kiagizwe Dar, na cha gari la zamani namna ile hata huko wanatafuta.

Ukaja na simu yako, ukanionyesha. Kioo cha mbele, ukasema, ni vioo viwili vimebana plastiki katikati, na chetu kimepasuka cha nje tu, tena padogo, tena upande wa abiria. Kuna gundi yake maalumu, inasukumwa ndani ya ufa, inakaushwa na jua, basi. Mjomba wako anaweza kuitafuta Dar na kuitia kwenye basi. Nami nikakujibu maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno. Nilisema nimeendesha gari kabla hujazaliwa, na kioo hakitibiwi na mtu aliyekiona kwenye simu. Halafu ukasema, "Baba, nipe siku tatu. Nikishindwa, utanicheka mpaka nirudi likizo."

Nilikubali kwa ajili ya kukucheka. Sina sababu nyingine ya kukutajia, ilikuwa hiyo.

Mjomba wako alipoitia kwenye basi ile gundi, na kikombe chake cha mpira na kibomba, siku tatu zako zikaanza. Siku ya kwanza yote iliishia kwenye utomvu wangu. Uliliingiza gari chini ya banda, ukakaa na bakuli la maji ya uvuguvugu, kitambaa na sindano ya mama yako, unalainisha na kuchokonoa, unalainisha na kuchokonoa. Punje ya salfa, punje ya mchanga, kipande cha kioo kidogo kuliko chumvi. Mimi nilipita mara nne nikijifanya natafuta jembe. Hukuuliza tena habari ya yule fundi wa stendi, ingawa donge lile lilikuwa linanuka mkorosho wazi kabisa. Ulinihifadhi, na mimi nikachukulia kwamba nimekuweza.

Siku ya pili ulipangusa kwa spiriti na pamba, ukasema kikauke. Nikakushauri tulitoe gari juani likauke upesi, kisha tukimwagie kioo maji ya kisima kiwe safi. Ulisimama mbele ya boneti, umenyoosha mikono, kama unazuia mbuzi wasiingie kwenye mahindi. "Baba, kioo kikiwa cha moto ukikimwagia maji ya baridi, huo mguu utafika mpaka upande wako." Nikaondoka nanung'unika. Barabarani nikakumbuka lile gari la kwanza nililokuwa nalo, lilivyopasuka kioo chote siku moja tu mchana nikiliosha. Miaka yote nilikuwa naamini nilirogwa.

Siku ya tatu nikaja mwenyewe, sikuitwa, nikakaa juu ya ndoo. Ulibandika kile kikombe cha mpira kikanyonya kioo, ukapachika kibomba katikati, juu kabisa ya lile tundu, ukadondosha matone ya gundi, ukaanza kukaza skrubu polepole. Ukakaza, gundi ikaingia. Ukalegeza, vipovu vikapanda. Ukakaza tena. Nilitaka kusema ongeza kasi, nikajizuia, na kujizuia kwangu unajua ni kazi. Ndipo nikaona ule weupe wa ufa unaanza kupotea, kwanza katikati, halafu mguu mfupi, halafu ule mrefu, unakwenda unakwisha mpaka ukafika kwenye mstari wa wanja na kuupita. Nilipiga kelele kubwa. Mama yako alitoka jikoni na mwiko akidhani nyoka. Nilimshika mkono nikamwambia tazama, tazama hapa, na yeye akatazama akasema sioni kitu. Nikamwambia ndiyo, ndiyo hivyo, huoni kitu!

Ukafunika pale kwa kile kipande cha plastiki, tukalisukuma gari mpaka juani, na mimi nikapewa kazi ya kufukuza kuku wasirukie boneti. Niliifanya kwa moyo wangu wote. Ukaja na wembe ukakwangua gundi iliyozidi, ukang'arisha kwa kitambaa, na kikabaki kidoa ambacho hata mbu akitua ni mkubwa zaidi. Somoe, nimefurahi mara nyingi katika maisha yangu, nimeoa, nimezaa, nimevuna korosho miaka mizuri. Furaha ya siku ile naiweka pamoja na hizo.

Kesho yake tukaenda Ruangwa, wewe na mimi na magunia ya mihogo. Nilikuwa nataka kukijaribu kile kioo. Tulipofika sikusimama, nikaunganisha mpaka Nambilanje, na huko hatukuwa na la kufanya. Nilitafuta mashimo, Somoe. Mengine nilikuwa nayaona kabisa na nikayaingia. Meno yanagongana, magunia yanaruka, wewe umeshika dashibodi unacheka unasema baba taratibu, na kioo kimetulia tuli. Nikaimba njia nzima ya kurudi. Ungeniuliza siku ile kama kuna mtu Lindi nzima anayenizidi, ningekuuliza atoke wapi.

Tukaingia stendi. Mzee Issa, mwenyekiti wetu wa madereva, alikuwa anakijua kioo kile na donge lake la njano, alishanisema sana. Akaja, akapitisha kidole, akainama, akapitisha tena. Madereva wengine wakasogea na vikombe vyao vya chai. Akauliza nani kakufanyia. Na mimi, mdomo ukiwa bado umejaa nyimbo, nikasema, "Nimefanya mwenyewe."

Sikufikiri. Lakini sitasema liliponyoka, maana baada ya hapo nilikuwa na nafasi ya kulirekebisha na badala yake nikaendelea. Nikawaeleza kikombe cha mpira. Nikawaeleza vipovu. Nikawaeleza kwamba kioo cha moto hakimwagiwi maji ya baridi, mimi, tena kwa sauti ya ualimu. Mzee Issa akakugeukia ulipokaa garini, akasema una bahati, binti, baba yako ana mikono. Nawe ukafunga vizuri mtandio wako ukasema, "Ndiyo, babu."

Tulirudi bila nyimbo. Ulinijibu kila nilichokuuliza, kwa adabu, na jioni uliniwekea maji ya kuoga kama siku zote. Ungenuna ingekuwa nafuu. Wiki mbili zimepita, umefunga mabegi, na hujasema neno. Na mimi kila siku nilijiambia kesho.

Hii si mara yangu ya kwanza, ndiyo maana inanichoma. Ulikuwa hujaanza shule. Mwaka ule korosho zetu zilipokelewa ghalani zikasifiwa mbele ya wakulima wote, kavu, safi, hakuna punje mbovu hata moja, na mpokeaji akasema mkulima ni huyu, wengine mjifunze. Nikasimama nikapigiwa makofi. Mama yako alikuwa nyuma yangu kajifunga kanga. Ni yeye aliyezianika, akazigeuza, akakaa chini kwenye mkeka siku baada ya siku anachagua moja moja. Mimi nilizipakia tu. Sikumtaja. Tulipofika nyumbani nikajisifia mbele yake pia.

Msimu uliofuata alianika, akakusanya, akafunga magunia, basi. Nikafika ghalani kifua mbele, wakamwaga, na magunia yangu yote yakarudishwa mbele ya watu walewale. Nikaja nyumbani na hasira, nikamuuliza kwa nini hakuchagua. Hakupandisha sauti. Alisema, "Nilidhani kuchagua ni kazi yako." Nilikaa mwezi mzima kwenye ule mkeka, Somoe, mgongo unaniuma, nachagua. Nilidhani nimejifunza. Kumbe nilijifunza kwa korosho tu, ilipokuja kwenye kioo nikawa mtu yuleyule.

Utazame mwenendo wangu katika barua hii. Jiwe, nikampa bodaboda. Utomvu, nikampa fundi ambaye hajazaliwa. Kioo kilipopona, nikajipa mwenyewe. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka mingi na kuitwa mzee mwenye heshima zake.

Sasa, huko wodini utafanya kazi katikati ya watu wengi. Ipo siku utaona jambo kwa mgonjwa ambalo hakuna aliyeliona, na mkubwa wako atasimama mbele ya wengine aseme ameliona yeye. Utanyamaza, kwa sababu ndivyo tulivyokulea, na mimi nilifaidi ukimya wako huo siku ile. Mwanangu, usininyamazie mimi wala mtu mwingine. Heshima yako ibaki palepale, shikamoo yako ibaki, kisha useme kwamba ile kazi niliifanya mimi. Kama pale stendi ungesema, "Hapana, babu, ni mimi," ningeona aibu mpaka Nkowe, na tungefika nyumbani tukicheka. Na utakapokuwa mkubwa wewe, wa kusimama mbele za watu, umtaje aliyekaa kwenye mkeka. Mimi nimeshindwa mara mbili, na sikuona hata mara moja kwamba ni jambo gumu. Ni neno moja tu, jina la mtu.

Leo asubuhi ulipoondoka na bibi zako wadogo kwenda Nkowe, nilikwambia nakwenda kuongeza upepo kwenye matairi. Nilikwenda Ruangwa. Njiani nilijisemea maneno yangu kwa sauti, nikayapanga vizuri, na nilipofika nikayasahau yote. Walikuwa palepale kwenye chai. Nikasimama, nikasema kile kioo sikukitengeneza mimi, alikitengeneza binti yangu Somoe kwa siku tatu, na siku ya kwanza yote aliimaliza kuondoa utomvu wa mkorosho nilioupaka mimi kwa akili zangu.

Walicheka, aisee. Mmoja alimwaga chai. Mzee Issa akangoja watulie, akaniuliza, kwa hiyo siku ile ulitudanganya? Nikamwambia niliwadanganya. Akauliza kwa nini. Nikamwambia niliona sifa inapita, nikaidaka. Akatikisa kichwa, akainuka, akaenda tena kwenye kioo, na wote nyuma yake, na safari hii walikikagua muda mrefu zaidi kuliko siku ile. Wananiuliza alishikaje, alikaza mara ngapi, alisoma wapi. Nami najibu, yeye alifanya hivi, yeye alisema vile. Sijawahi kusimulia kitu kitamu namna ile. Siku niliyojisifu mimi niliongea robo saa na koo likakauka. Leo wamenizuia mpaka jua la saa tano na nilikuwa bado naendelea.

Kuna dereva wa Matambarale ana ufa kwenye kioo chake, ameubandika selotepu. Aliniomba nimfanyie mpango kwako. Nikamwambia mimi si wakala wa mtu, akuulize mwenyewe, na kesho unasafiri. Akasema atakungoja likizo, ataendesha taratibu.

Basi nisamehe, Somoe. Nimekuandikia kwa sababu nikiwa mbele yako nitaanza mizaha, nitakuuliza kama umebeba soksi, na gari litaondoka. Nimekosa kwako. Ulikuwa na siku yako, nikaivaa mimi, nawe ukaitikia ndiyo babu. Nimekwenda kuirudisha mahali palepale nilipoichukua, mbele ya watu walewale, na hakuna aliyebaki asiyejua.

Jambo moja la mwisho, nawe ukilisoma usinicheke. Tangu kaka yako Hamisi azaliwe naitwa Baba Hamisi, huku na Ruangwa na kila ninapopakia mzigo, na mtu akiniita jina langu mwenyewe sigeuki. Leo nimeshapanda garini, nimeshawasha, Mzee Issa akaita kwa nguvu kutoka kwenye benchi: "Baba Somoe!"

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nikageuka hapohapo, nikaitika.

Ni mimi,
Baba Somoe